Mkufunzi anataka tucheke kila Ijumaa: ni tiba kweli?

Swali kutoka kwa msomaji wa Lamu:

"Assalaam aleikum, shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, hapa Lamu. Tangu tuanze mazoezi ya wodini darasa letu limechoka sana. Kuna zamu za usiku, kuna mitihani, kuna daftari la taratibu ambalo lazima kila kitu kitiwe saini, na baadhi ya wakubwa wa wodi hawana subira na sisi. Mwezi uliopita tulimpoteza mtoto mchanga tukiwa zamu, na kesho yake tukaendelea na masomo kama kawaida. Sasa mkufunzi wetu mmoja amesoma kuhusu tiba ya kicheko. Anataka kila Ijumaa saa kumi tukusanyike, tucheke kwa nusu saa, na atachukua mahudhurio. Wengine wamefurahi. Mimi nimelelewa kwamba msichana haangui kicheko mbele za watu, na ustadhi wetu alitufundisha kuwa kucheka sana hufisha moyo. Pia naona vibaya kucheka na yule mtoto bado yuko akilini mwangu. Je, hii ni tiba kweli? Kama ni tiba, tuifanyeje? Na mwenzangu wa chumbani analia kila usiku, siku hizi hata chakula hali. Naye nimlete huko kwenye kicheko?"

Jibu:

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu.

Tuanze na mwenzako, maana hilo haliwezi kungoja Ijumaa. Mtu anayelia kila usiku na ameacha kula hapelekwi kwenye duara la kucheka. Leo hii, mkiwa wawili tu na mlango umefungwa, mkalie karibu umuulize mambo matatu: analala vipi wiki hizi, ni nini kinachomliza, na je, amefikia kuona heri afe. Hilo la tatu liulize waziwazi, usizunguke. Wengi wetu huogopa kwamba kumtajia mtu kifo ni kumtia wazo kichwani, na sivyo. Mara nyingi mtu hushusha pumzi kwa sababu hatimaye ametokea wa kumuuliza. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali aonwe na daktari au muuguzi wa afya ya akili. Mkikwama usiku, pigeni 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, mtampata mnasihi wa kuzungumza naye. Akisema hapana, bado aonwe ndani ya siku chache. Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili mfululizo, usingizi kupotea, hamu ya chakula kukatika: nyinyi wenyewe mmefundishwa kwamba hizo ni dalili za sonona, na sonona ina matibabu. Ukimwingiza katikati ya watu wanaoshika mbavu atajilazimisha kwa nusu saa, kisha atarudi chumbani akijiona yeye ndiye mbovu kuliko wote. Akishapata nafuu na akataka kuja kwa hiari yake, karibu.

Sasa tiba ya kicheko yenyewe. Ndiyo, kicheko kinapunguza msongo, si porojo. Lakini kinapunguza kwa kiasi, kwa muda, na kwa sharti moja ambalo naona mpango wenu wa Ijumaa umelisahau: wanaocheka pamoja lazima wawe wanaaminiana. Nimekaa katika uuguzi wa afya ya akili hapa Malindi muda wa kutosha kuona vikundi ambavyo kicheko kiliwafaa sana na vikundi ambavyo kiliwaongezea uchovu. Mazoezi yalikuwa yaleyale. Waliofaidika ni wale ambao tayari waliweza kuambiana, "Leo nimeshindwa."

Mwili hufanya hivi. Ukicheka kile kicheko cha kushika mbavu, kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo hujikaza na kulegea haraka haraka, na hewa inayosukumwa nje huwa nyingi kuliko ile unayovuta. Mapigo ya moyo hupanda kidogo. Kicheko kikiisha, yanashuka, na misuli ya shingo na mabega, ambayo kwa mwanafunzi aliyetoka zamu ya usiku huwa imekaza kama kamba, inaachia. Ile pumzi ndefu ya kutoka huichochea neva ya vagasi, na neva hiyo ndiyo huuambia moyo upunguze mwendo. Ndiyo maana baada ya kucheka sana mtu huhisi mwepesi na mlegevu, tena wakati mwingine hupata usingizi.

Upande wa homoni, Lee Berk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, walichapisha mwaka 1989 matokeo ya kupima damu ya watu waliotazama video ya kuchekesha kwa saa nzima. Kotisoli, homoni tunayoihusisha na msongo, ilishuka. Utafiti ule umetajwa na kutajwa tena duniani kote, ila ulikuwa na wanaume kumi tu wenye afya njema, na nusu yao ndio waliotazama video. Mwaka 2023 watafiti wengine walikusanya majaribio manane yenye jumla ya watu 315 wakayachambua kwa pamoja. Kwa wastani, waliochekeshwa kotisoli yao ilipungua kwa karibu asilimia 32 zaidi ya wale ambao hawakuchekeshwa. Huo si upungufu mdogo. Kumbuka tu kwamba kotisoli ikipimwa mara baada ya kicheko inakuambia habari za saa hiyo. Haikuambii habari za muhula mzima.

Kwa wanafunzi wa uuguzi hasa, majaribio yamefanyika Iran na Uturuki, miongoni mwa nchi nyingine, na mwelekeo wake ni mzuri: alama za msongo na wasiwasi hushuka baada ya vipindi vya kucheka. Udhaifu wake nakuambia wazi, kwa sababu wewe ni mtu wa afya na utasoma tafiti maisha yako yote. Vikundi vilikuwa vidogo. Muda ulikuwa mfupi. Tena haiwezekani kumficha mtu kwamba yuko katika kundi la kucheka, kwa hiyo anapojaza fomu ya kusema anajisikiaje, anajua tayari mwenye utafiti anatarajia nini. Dawa ya vidonge unaweza kuifananisha na kidonge bandia mgonjwa asijue. Kicheko hakina kicheko bandia cha kukificha.

Au tuseme kinacho, na hapo ndipo penye jambo la kuvutia. Daktari Madan Kataria wa Mumbai, India, alianzisha klabu ya kwanza ya kicheko mwezi Machi 1995, watu watano tu wakakutana bustanini asubuhi. Mwanzo walikuwa wakitoleana vichekesho. Baada ya muda mfupi vichekesho vizuri vikaisha, vikabaki vya matusi na vya kuwadhihaki wengine, watu wakaanza kununa. Kataria akaamua kuviacha kabisa: wacheke bila sababu, kama zoezi la mwili, wakitazamana machoni. Kilichoanza kwa kuigiza kiligeuka kicheko cha kweli kwa sababu uso wa mwenzako anayejaribu kucheka unachekesha wenyewe. Mkewe, Madhuri, alikuwa mwalimu wa yoga, na mazoezi ya pumzi yakaingizwa humo. Ndiyo hiyo inayoitwa yoga ya kicheko, na ndiyo iliyotumika katika tafiti nyingi za wanafunzi. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2019 ulikuta kwamba kicheko hiki cha kuigiza huleta nafuu zaidi kuliko kile cha kuchekeshwa kwa video au hadithi, ingawa wenye uchambuzi wenyewe walisema tafiti nyingi walizozikusanya hazikuwa imara.

Kwa nini kuigiza kufanye kazi? Kataria husema mwili hautofautishi kicheko cha kweli na cha kuigiza. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Naona kazi inafanywa na vitu viwili: pumzi, ambayo ni ileile ukicheka kweli au ukiigiza, na watu. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza vicheko vya watu katika maisha ya kawaida, alikuta kwamba mtu hucheka takriban mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake nao walikuta kwamba watu waliocheka pamoja walivumilia maumivu zaidi kuliko kabla ya kucheka, jambo linalodokeza kwamba mwili umetoa endofini, dawa yake ya asili ya maumivu. Ukiyaweka haya mawili pamoja unaona kwa nini nakazania habari ya kuaminiana. Mtu humchekea aliye wake. Mbele ya asiyemwamini anatoa meno tu.

Na usidhani kila kicheko ni dalili ya heri. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kuacha. Hali ikaenea kwa wenzao hadi kuwapata 95 kati ya wanafunzi 159, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wasichana waliporudi makwao, hali hiyo ilizuka katika vijiji na shule nyingine. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka uliofuata, hawakupata mdudu wala sumu. Vicheko vilichanganyika na vilio na woga, na wengine ilibidi wazuiliwe wasijidhuru. Wataalamu wengi waliolitazama tukio lile tangu hapo wanaliona kuwa msongo wa wasichana waliobanwa, wasio na mahali pa kusemea, ukatokea kwa njia ya mwili. Nakusimulia haya kwa sababu moja: mwanafunzi akicheka bila kukoma baada ya zamu ngumu, huku mikono inatetemeka na machozi yanachuruzika, asiambiwe "Tiba imekuingia." Akalishwe chini, apewe maji, aulizwe kilichotokea huko wodini.

Hapo ndipo tunapofika kwa yule mtoto.

Nimekaa na wanafunzi wengi baada ya kifo cha wodini, na nimejifunza kwamba mara nyingi kinachowaganda si kifo chenyewe kwa jumla. Huwa ni kitu kimoja kidogo. Mmoja aliniambia hawezi kusahau kibandiko cha jina alichokuwa amekifunga mguuni kwa mtoto asubuhi, akalazimika kukisoma tena alasiri. Mwingine alimkumbuka mama, ambaye alipoletewa habari alisema, "Asanteni, mmejitahidi," na yeye hakuweza kuinua macho. Vitu hivyo havichekwi, na hakuna atakayekuomba uvicheke. Vinahitaji kusemwa kwa sauti mbele ya mtu aliyekuwapo.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa ya kwanza ya kicheko, iwepo siku moja ya kusema. Waliokuwa zamu siku ile wakae duara, pamoja na mkufunzi au muuguzi mmoja mnayemheshimu, mlango ufungwe, simu zizimwe. Kila mmoja ajibu kwa zamu: nilikuwa wapi, nilifanya nini, ni kitu gani bado kinanirudia. Asiyetaka kusema apitwe bila kulazimishwa. Asiwepo wa kumsahihisha mwenzake, wala kikao hicho kisigeuzwe kuwa cha kutafuta nani alikosea. Hilo lina mahali pake pengine. Mkiona mmoja ametaja neno "mimi ndiye niliyemuua" au mfano wake, mkufunzi asimpite juu juu kwa "pole, ni kazi ya Mungu." Amueleze hatua kwa hatua yale yaliyowezekana kufanywa na yaliyofanywa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili mara nyingi hajui kwamba huenda mtoto yule angekufa hata mikononi mwa mabingwa, na bila kuelezwa atabeba lawama isiyo yake.

Baada ya hapo, kucheka si kumsaliti mtoto. Katika matanga yetu wenyewe, siku ya kwanza watu hulia, na kufikia siku ya tatu utawasikia waliokaa mkekani wakikumbushana visa vya marehemu na kicheko kinawatoka. Hakuna anayedhani wamemsahau. Ila siku ya kucheka utaijua mwenyewe. Ukiona bado, nenda ukae pembeni, shiriki mazoezi ya pumzi peke yake, na wenzako waambiwe mapema kwamba hilo linaruhusiwa.

Kuhusu malezi yako na maneno ya ustadhi. Mimi si mwanachuoni, kwa hiyo hukumu umuulize ustadhi mwenyewe. Hadithi aliyowafundisha imepokewa na Tirmidhi, na kama tunavyoisikia misikitini na madrasani, onyo lake ni juu ya kuzidisha kucheka. Tirmidhi huyohuyo amepokea pia kwamba kutabasamu mbele ya ndugu yako ni sadaka. Kumweleza ustadhi kwamba ni zoezi la pumzi na mwili, lenye muda wake na mwisho wake, lisilo na kumdhihaki mtu wala maneno machafu, naamini kutakusaidia kupata jibu lililo wazi.

Ama kuona haya, mwanangu, haya ni kitu kizuri na hakuna haja ya kuivua ili upone. Wewe ni wa Lamu, unajua kwamba wanawake wa pwani wakiwa peke yao ndani, siku za harusi, hakuna anayewashinda kwa kucheka. Bibi na mjukuu wake wanaweza kutaniana mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo tatizo lenu ni mahali na watu, na hayo yanapangika. Wasichana wakae peke yao na wavulana peke yao, angalau mwanzoni. Chagueni chumba cha darasa kilicho mbali na wodi na mbali na njia, si juu ya dari la nyumba, maana mji wenu nyumba zimebanana na sauti inasafiri. Au nendeni ufuoni Shela mapema asubuhi siku ya mapumziko, bahari itawameza. Tena kuna kicheko cha kimya, nitakueleza hapa chini, ambacho hata mwenye haya kuliko wote anakiweza.

Sasa namna ya kufanya. Msianze darasa zima. Anzeni watu sita hadi wanane mnaoelewana, na mmoja aongoze. Msiwe mmeshiba sana. Simameni duara, anzeni kwa kupiga makofi ya mwendo mmoja huku mkisema ho-ho, ha-ha-ha, viganja vikutane vizuri, dakika mbili hivi. Kisha pumzi: vuteni taratibu huku mikono inapanda, toeni polepole zaidi huku inashuka, mara tano. Baada ya hapo ndiyo mazoezi ya kicheko, kila moja nusu dakika au zaidi kidogo, na katikati ya zoezi na zoezi pumzi mbili ndefu. Msiruke hizo pumzi; anayeruka huishia na kizunguzungu.

Mazoezi mnaweza kuyabuni wenyewe, na yakitoka katika maisha yenu yatanoga kuliko ya kunakili. Haya nimeyatumia. Salamu: mnapita mkipeana mikono, na badala ya kusema chochote mnatazamana machoni na kucheka. Punda: mmoja ni punda aliyebebeshwa mawe akagoma katikati ya kichochoro, mwenzake anamvuta, punda anacheka kwa kukataa na mwenyewe anacheka kwa kukata tamaa, halafu mnabadilishana. Jahazi: wote mnashika kamba moja ya kuwazia, mnapandisha tanga kwa mvuto mmoja mmoja, kila mvuto na ha yake, mpaka tanga limefika juu na kila mtu anaachia kicheko kirefu. Na moja ambalo wanafunzi wa uuguzi hulipenda kuliko yote: daftari. Kila mmoja ameshika daftari lake la taratibu kiganjani na anamtafuta sista wa kumtilia saini; kila akimkaribia, sista ameshaondoka. Hapo nimeona wasichana waliokuja wakiwa wamenuna wakikaa chini sakafuni kwa kucheka, kwa sababu hakuna kati yao ambaye jambo hilo halijamkuta wiki hiyo.

Kicheko cha kimya ni hiki: mdomo wazi, macho kwa macho, mabega yanatikisika, sauti haitoki hata kidogo. Kingine ni cha midomo iliyofumbwa, kinavuma puani tu. Kiwekeni mwisho mwisho. Kwa jumla kucheka kwenyewe kusizidi dakika kumi na tano. Dakika tano za mwisho mkae au mlale chali, macho yamefumbwa, kimya. Wengi huzifupisha dakika hizo wakidhani kazi imekwisha, ilhali ndipo mapigo yanaposhuka. Kama kuna anayelia wakati huo, aachwe alie, mmoja amshike mkono.

Wako wasiofaa kushiriki, au washiriki kwa pumzi tu: aliyefanyiwa upasuaji karibuni, wa tumbo, kifua au macho; mwenye ngiri; mwenye presha isiyodhibitiwa au ugonjwa wa moyo; mwenye pumu ambayo kicheko humwamshia, na huyo hata akishiriki pampu iwe mfukoni; mwenye kifafa kisichotulia; mwenye maumivu makali ya mgongo; mjamzito mpaka aulize kliniki yake. Kiongozi aulize haya kabla, kwa siri, si mbele ya watu.

Jambo jingine ambalo ni lazima mkubaliane tangu siku ya kwanza: kicheko hiki hakiingii wodini. Najua wauguzi hutaniana kazini, na utani huo umewaokoa wengi usiku mrefu. Lakini mgonjwa aliyelala hajui mnacheka nini. Akisikia kicheko kutoka meza ya wauguzi hudhani ni yeye, kidonda chake, au harufu yake. Na jamaa waliokaa mkekani nje, wanaongoja habari ya mtu wao, kicheko kinawafikia kwa maana nyingine kabisa. Taneni mkiwa chumba cha chai na mlango umefungwa. Mgonjwa wala maiti wasiwe mada ya utani hata huko.

Kama mnataka kujua inawasaidia, pimeni. Kipo kipimo cha msongo kilichotungwa na Sheldon Cohen na wenzake mwaka 1983, na toleo lake la maswali kumi ndilo linalotumika zaidi. Kila swali lina alama 0 hadi 4, jumla 40. Kwa kawaida 0 hadi 13 huhesabiwa msongo mdogo, 14 hadi 26 wa wastani, 27 na zaidi mkubwa. Angalieni: maswali manne yameulizwa kwa upande wa heri, na alama zake hugeuzwa. Tena maswali yote yanauliza mwezi uliopita, kwa hiyo msilijaze kila Ijumaa. Jazeni mara moja kabla ya kuanza na mara moja baada ya mwezi au miezi miwili. Kila Ijumaa inatosha mtu kujiandikia namba moja, kuanzia sifuri hadi kumi, alivyo kabla na alivyo baada. Aliyepata 27 na zaidi asitegemee kicheko, aende kwa mnasihi wa chuo.

Nimalizie kwa mkufunzi wenu, ambaye nia yake ni njema na ningependa mumsaidie badala ya kumpinga. Mwendeeni watu wawili au watatu pamoja na kiongozi wa darasa. Mwombeni kwanza aondoe mahudhurio. Mtu aliyeamriwa kucheka huku jina lake likiwekewa alama ameongezewa zamu nyingine, na wale waliochoka kuliko wote ndio watakaoigiza kwa ustadi zaidi ili wasionekane. Mwombeni pia asiwe msimamizi mlangoni: ama aingie duarani awe punda kama nyinyi, ama awaachie chumba. Na saa kumi ya Ijumaa mjadiliane naye, kwa kuwa wengine huwa wanawahi boti ya kwenda kwao, na kurudi nyumbani kumwona mama ni tiba inayoshinda yangu.

Kisha, katika kikao hichohicho, mpeni karatasi ya yale ambayo kicheko hakiwezi kuyagusa. Ratiba ya zamu inayomtoa mtu usiku na kumwingiza darasani asubuhi bila kulala. Saini za daftari zinazotegemea kubahatika kumkuta mtu. Kukaripiwa mbele ya mgonjwa wakati kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa, imekataa kuingia, ambako humfanya mwanafunzi atetemeke zaidi kwa mgonjwa anayefuata. Mwanafunzi anayekwenda zamu bila chakula kwa sababu mkopo haujaingia. Andikeni kila moja kwa sentensi mbili, na mpendekeze kitu kinachowezekana: mapumziko baada ya zamu ya usiku, siku maalumu za kutia saini, kusahihishwa pembeni baada ya mgonjwa kufunikwa, jina la mtu wa kuendewa kwa siri kwa habari za karo. Msimpe majina ya waliowakaripia. Mpeni mambo yenyewe, yatasikilizwa haraka zaidi. Na mwambieni mtarudi kwake baada ya mwezi, mkiwa na alama za kile kipimo mkononi.